Anayefua, Anayepiga Pasi, Anayekunja

Ninawafundisha Kiingereza wafanyakazi wa hoteli moja hapa Galu, saa tisa alasiri, wakati ambao sote tumechoka, mimi kuliko wao. Somo la wiki ile lilikuwa jepesi: mtendaji akiwa mmoja na kazi zake ni nyingi, mtaje mara moja tu, kisha vipange vitenzi vyake. Lewis wa bustanini alilishika papo hapo. Mbodze wa chumba cha kufulia alinitia wazimu.

Nilimwandikia ubaoni: I wash, iron and fold. Akasoma vizuri, bila kigugumizi. Nikifuta ubao, anasema kwa Kiingereza kile kile kwamba Nzai anafua, Husna anapiga pasi, yeye anakunja. Watu watatu, kila mtu na kitenzi chake. Nilirudia somo mpaka koo likanikauka.

Ijumaa kulikuwa na mtihani wa kuzungumza mbele ya meneja, Gilbert, na atakayefaulu angehamia mapokezi. Mbodze aliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa shuka za wageni. Basi nikamfuata kazini nimkaririshe. Nilimkuta peke yake katikati ya marundo ya nguo. Ukutani zilitundikwa leso mbili za kujifunga kiunoni, safi, zimetoka kupigwa pasi. Nikamuuliza ni za nani. Akasema ni za Nzai na Husna, waliorudishwa kwao Kinango wageni walipopungua, wakaahidiwa kuitwa msimu ukirudi. Msimu umerudi, vyumba vimejaa, na hakuna aliyewaita.

"Kumbe kazi zote unazifanya wewe," nilimwambia. "Si useme hivyo."

"Mwalimu, nikisema hivyo, meneja ataona mtu mmoja anatosha. Wenzangu watarudi wapi?"

Nilikasirika, na sijui hata nilimkasirikia nani.

Ijumaa Gilbert alimuuliza kuhusu kazi yake. Mbodze akajibu vile vile: Nzai, Husna, kisha yeye. Gilbert akacheka, akahamia Kiswahili, akamwambia hao wawili mbona hawapo siku nyingi.

"Wapo, bwana," akasema Mbodze. "Ni nyinyi hamjawaita."

Nilimpa alama zote. Gilbert akampa Lewis nafasi. Mbodze akanishukuru, akajifunga leso yake, akarudi kufua, kupiga pasi na kukunja.