Bibi Swaumu Anatembea Tena

Mwezi wa kwanza baada ya kuhamishiwa kijiji kipya, mwaka sabini na nne, tulizika wazee wanne. Hawakuwa na homa wala kuhara. Walikaa tu, wakakataa uji, wakafa. Bibi yangu Swaumu naye akaanza kukaa hivyo, uso ukutani, na mimi mhudumu wa zahanati nikashikwa na hofu isiyo na dawa kabatini.

Sista Josefina wa hospitali ya Lutindi alikuwa amenifundisha kwamba mzee aliyeng'olewa kwake apewe kazi anayoipenda, ndipo mwili utaamka. Nikawakusanya wazee sita, bibi akiwemo, nikawauliza wanapenda kazi gani. Nilitegemea kusuka ukili au kufinyanga vyungu. Wakatazamana.

"Kufagia makaburi ya watu wetu," bibi akasema. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Makaburi hayo tuliyaacha kule tulikotoka. Nikajitia ujuaji, nikasema basi tufagie uwanja wa zahanati. Wakafagia. Siku ya tatu bibi aliomba uji. Wiki ya pili alinitania kwamba siolewi kwa sababu ya mdomo wangu. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Mguu wake uliokuwa ukiburuzika nikawa naukanda kwa mafuta ya nyonyo, na kila asubuhi tukatembea wote saba: hadi kisimani, hadi barabarani, kisha hadi mtoni na kurudi.

"Hajira, mpaka kwetu kule ni maili ngapi?" Mzee Kibwana aliniuliza siku moja.

"Saba, babu."

Bibi akaomba tuzunguke tena mara moja. Moyo wangu haukupenda, lakini nilikuwa nimelewa sifa nilizopewa na viongozi kwa kuwainua wazee.

Kisha nikafanya ujinga. Mhina, mkuu wa mgambo wetu, aliniambia Ijumaa watachoma nyumba zilizobaki kule ili asirudi mtu. Nikadhani bibi akijua atakata tamaa na kutulia. Jumatano nikamwambia.

"Asubuhi au mchana?" akauliza.

"Asubuhi."

"Basi nikande mguu vizuri, mjukuu wangu."

Nikaukanda vizuri. Alhamisi nilikwenda Korogwe kuchukua dawa, nikalala huko. Niliporudi Ijumaa adhuhuri, vitanda vya wazee wote sita vilikuwa vitupu. Majirani walidhani wazee wako nami mazoezini. Upande wa kwetu kwa zamani moshi ulikuwa umesimama.

Nilikimbia mpaka pumzi zikaniishia. Njiani nikakutana na Mhina na wenzake wakirudi, nyuso zimejaa masizi.

"Mmewaona wazee?"

"Wazee wapi? Hatukuona mtu. Tumeanza na ile nyumba ya karibu na makaburi. Mlango ulikuwa umekaza kama umekomewa kwa ndani."

"Hamkubisha hodi?"

Akanicheka.

"Tumbishie nani, dada Hajira? Vijana wote tuko nao huku, na mzee gani wa kijiji chetu anaweza kutembea maili saba?"