Mzio wa Cassamo

Nafisa alimtambua baba yake kwa namna alivyovua viatu mlangoni, akivisogeza kwa kidole cha mguu mpaka vikakaa sambamba. Mara ya mwisho kumwona akifanya hivyo, Nafisa alikuwa na miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa na ishirini na mitatu, amevaa koti jeupe la mradi, na mbele yake kulikuwa na trei ya vichupa vidogo.

"Shikamoo, Baba."

Mzee Cassamo alilitazama lile koti. "Marahaba. Sikujua kuwa ni wewe unayepima."

"Leo niko peke yangu. Ukipenda, njoo kesho, doutor atakuwepo."

"Chombo cha kurudi kisiwani Macaloe kinaondoka saa nane. Pima tu."

Ulikuwa mwaka 2012. Meli za kutafuta gesi zilikuwa zikionekana kila wiki, na watu wa pwani yote walikuwa wakisubiri kuitwa kazini. Doutor Cândido alikuwa daktari wa chuo, na mradi wake haukuhusiana na gesi. Ulikuwa utafiti wa chuo kuhusu mzio, yaani ule ugonjwa wa mwili kukikataa chakula au vumbi kana kwamba ni adui, na walikuwa wamepanga chumba karibu na bandari ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ili wawapime wavuvi na wachuuzi wa samaki. Lakini mjini lilishaenea neno kwamba mwenye karatasi ya afya kutoka chumba kile ndiye atakayechukuliwa kwanza kwenye boti za wazungu. Nafisa alilikanusha kila siku. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakakunja mkono wa shati.

Cassamo naye alikunja. Nafisa alimwuliza maswali ya kwenye fomu. Je, amewahi kuvimba au kubanwa na pumzi baada ya kula?

"Mara moja," alisema Cassamo bila kumwangalia. "Lakini ile haikuwa chakula. Unajua ilikuwa nini."

Nafisa alijua. Jioni moja mama yake, Mwajuma, alirudi Macaloe kutoka bara na kikapu cha kamba wabichi, akawapika kwa nazi. Watoto walikula, majirani walikula. Cassamo alipakuliwa sahani yake peke yake, kama ilivyo heshima ya mume, na kabla hajaimaliza midomo ilifura, macho yakazibika, pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Alipona kwa kudra ya Mungu. Alipopona ndugu zake, wakiongozwa na kaka yake Adamo, walikuwa wameshakata shauri: sufuria ilikuwa moja, aliyeumia ni mmoja, basi kitu kilitiwa kwenye sahani. Mawifi walimpiga Mwajuma kwa michi. Cassamo akatoa talaka tatu mbele ya watu, na mama na binti wakapandishwa chomboni na nguo walizovaa.

Huko Mocímboa Mwajuma alijaribu kuuza vitumbua, lakini habari ilikuwa imemtangulia. Nani atanunua chakula kwa mkono uliolisha mume sumu? Akaishia kufua nguo za watu, na hiyo ndiyo kazi iliyomsomesha Nafisa.

Nafisa alidondosha matone kwenye mkono wa baba yake, akaandika namba kwa kalamu pembeni ya kila tone: pweza, kaa, kamba, vumbi la nyumbani, na matone mawili ya kulinganishia. Akachoma juujuu kila tone kwa ncha ya kijembe kidogo, kisha akasubiri robo saa. Hata kabla ya dakika kumi tone la kamba lilikuwa limeshainua kivimbe cheupe chenye kingo nyekundu, kikatanuka kupita alama ya kalamu. La pweza halikuonyesha kitu. Alipima kwa rula. Milimita kumi na moja. Akapima tena.

"Kamba, Baba," alisema. "Mwili wako unakataa kamba. Ukila, unaweza kufa."

"Nilikuwa nakula kamba ujanani, nikija bara. Kisiwani kwetu hawapatikani."

"Huweza kuanza ukubwani. Ulikuwa huwashwi mdomo?"

Cassamo alikitazama kile kivimbe kana kwamba kimeota kwenye mkono wa mtu mwingine. Kisha akasema, "Kwa hiyo ile siku."

"Sina la kuapa kuhusu ile siku. Lakini naamini ndiyo hiyo."

"Mama yako umemwambia?"

"Ndiyo kwanza nimeona sasa hivi. Na sina ruhusa kumwambia mtu, nimetia saini. Mwenye habari hii ni wewe. Mwambie wewe, Baba. Na nyumbani kwako uwaambie wanaokupikia."

Alimpa karatasi ya matokeo, ambayo juu yake aliandika kwa herufi kubwa, ASILE KAMBA. Cassamo aliikunja mara nne, akaitia chini ya kofia yake.

"Wakijua nina maradhi hawatanichukua kwenye boti," alisema. "Na mambo ya zamani yamekwisha. Kaka Adamo ni mzee sasa. Nikamwambie nini?"

Jioni ile Nafisa alimweleza doutor Cândido kwamba amempima baba yake mzazi. Doutor hakufurahi. Alimwita Cassamo wiki iliyofuata, akampima upya yeye mwenyewe, akapata jibu lile lile. Mara nyingine tena alimkumbusha Nafisa kiapo cha siri: watu hutukabidhi miili yao kwa sababu wanaamini midomo yetu.

Kwa wiki sita Nafisa alirudi nyumbani kila siku, akamkuta mama yake amejiinamia juu ya beseni, mikono imekauka kwa sabuni, akala naye mkeka mmoja, wala asiseme. Mara mbili alianza. "Mama," alisema, na Mwajuma alipoinua uso, akamalizia kwa kuuliza kama maji yapo.

Mwezi wa Agosti Cassamo alikuja Mocímboa na mkewe Sumaia, mwanamke mpole aliyemwoa miaka minane iliyopita, kusubiri majina ya kazi. Walifikia kwa Adamo, kaka yake Cassamo, nyuma tu ya bandari. Sumaia, kwa kuwa mgeni anayetaka kumfurahisha shemeji, alikwenda sokoni akanunua majani ya muhogo na kamba wakavu, akawatwanga pamoja, akapika matapa nzito ya karanga. Kamba waliotwangwa hawaonekani.

Saa saba mchana Nafisa alisikia kelele njiani. Wanaume wanne walikuwa wamembeba Cassamo kwenye kitanda, uso hautambuliki, midomo ya buluu. Walimleta kwenye chumba cha mradi kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Doutor Cândido hakuuliza swali hata moja. Alimpiga sindano ya adrenalina pajani, juu ya kikoi, naye Nafisa akamwinua miguu huku akihesabu mapigo ya moyo. Dakika zilipita. Doutor alimwongezea sindano ya pili. Ule mluzi wa kifuani ukapungua, kisha Cassamo akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Walimpakia kwenye gari la mradi. "Mimi naenda naye hospitali, wewe funga chumba," alisema doutor.

Nafisa alipotoka na funguo aliwaona watu wamezunguka. Katikati alikuwa Sumaia, khanga imemdondoka kichwani. Adamo alikuwa amemkamata kiwiko.

"Wa pili huyu!" Adamo alikuwa akipaza sauti. "Ndugu yangu analishwa sumu mara ya pili! Mara hii hatumwachii apande chombo aende zake."

"Nilikula mimi mwenyewe," Sumaia alilia. "Watoto wako wamekula! Waulize!"

"Na yule wa kwanza alisema hivyohivyo."

Mwanamke mmoja alikuwa ameshika mwiko wa ugali. Kijana fulani aliokota jiwe, akawa analipima mkononi. Nafisa alimpigia doutor simu. Haikupokelewa. Alipiga tena, akapiga mara ya tatu, macho yake yako kwenye lile jiwe. Kisha akausukuma umati, akasimama kati ya Adamo na Sumaia.

"Baba mkubwa, mwachie."

"Nafisa, ondoka. Haya hayakuhusu."

"Mimi ndiye niliyempima Baba. Mwili wake unakataa kamba. Si sumu. Kamba wa kawaida, hawa tunaokula sote. Matapa ilikuwa na kamba?"

"Ilikuwa nao," alisema Sumaia kwa sauti ndogo. "Wakavu. Hakuniambia. Wallahi hakuniambia kitu."

Adamo alimkazia macho Nafisa. "Umempima lini?"

"Wiki sita zilizopita."

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Nilimpa karatasi mkononi mwake."

Adamo aliuachia mkono wa Sumaia. Kisha bibi mmoja wa Macaloe, aliyekuwa amekaa juu ya gunia pembeni, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Basi na Mwajuma je?"

Adamo akageukia bandarini. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka shughuli yake.

Doutor Cândido alirudi magharibi. Alishasikia.

"Ungenipigia."

"Nilipiga mara tatu."

Alikaa, akavua miwani. "Ungeweza kusema ni ugonjwa, tumeutambua leo. Ingetosha kumwokoa yule mama. Wewe umesema alipimwa, umesema lini, umesema alificha. Kesho nani atakuja hapa atuambie la ndani?"

Nafisa alijua kuwa doutor amesema kweli. Lile jiwe lilipokuwa mkononi mwa kijana hakuliona neno jingine. Na akijisema ukweli, sehemu moja ya moyo wake ilitaka kila mtu asikie. Doutor aliandika barua kwa kamati ya chuo siku ileile. Mkataba wa Nafisa ulikatizwa kabla mwezi haujaisha.

Usiku uleule wa tukio Nafisa alifika nyumbani. Mwajuma alikuwa anakunja nguo za watu. Hakuacha kukunja.

"Nimeambiwa," alisema.

"Mama, hukuwa na kosa. Imethibitika."

"Mimi nilijua sina kosa. Nilionja mchuzi ule mwenyewe. Sikuhitaji sindano kujua." Aliweka shati juu ya jingine. "Wiki sita, Nafisa."

"Nilikuwa nimetia saini."

"Saini ilikuzuia kwangu. Kwa Sumaia haikukuzuia."

"Walitaka kumpiga, Mama."

"Mimi walinipiga."

Nafisa alikaa chini, akaweka uso magotini. Mama yake hakumgusa wala hakumfukuza. Alimpakulia chakula, akala peke yake jikoni.

Cassamo alitoka hospitali siku ya tatu. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya boti, na hakuna aliyejua kama ni kwa sababu ya ugonjwa au ni bahati tu. Ijumaa iliyofuata, huko Macaloe, alisimama nje ya msikiti baada ya sala. Sumaia ndiye aliyempigia Nafisa kumweleza. Cassamo alikuwa ametangaza kwamba maradhi yake ni kudra, wala asilaumiwe mke yeyote.

"Hakunitaja?" aliuliza Mwajuma alipopewa habari.

"Alisema mke yeyote."

"Sikuitwa mke yeyote nilipopewa talaka. Niliitwa Mwajuma binti Saide."

Jumatatu Mwajuma alifunga mlango, akavaa khanga ambazo hakuwa amezigusa tangu harusi ya jirani, akaenda bandarini kupanda chombo cha Macaloe. Nafisa alimbebea kikapu mpaka kwenye ngazi. Alitaka kupanda naye, Mwajuma akamzuia kwa kiganja.

Alirudi Jumatano. Nafisa alikuwa anampokea kikapu aliposikia mama yake akisema, "Amenitaja. Mbele ya Adamo, aliyeitwa avuke kuja kusikia, na mbele ya wale mawifi waliobaki hai."

"Akasema nini, Mama?"

"Alichosema ni changu."

Walipanda pamoja njia ya soko, Mwajuma akitangulia kidogo. Wanawake wawili waliokuwa wakikaanga muhogo walimsalimu, nao hawakuwahi kumsalimu. Aliitikia vizuri, akauliza na watoto wao. Nafisa alifuata nyuma na kikapu; yeye aliyenyamaza wiki sita, sasa ndiye aliyenyimwa neno.