Dakika Alizosimama Waziri

Alhamisi, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Bi Nukta alikuwa ameketi kwenye benchi la waandishi wa Hansadi, nyuma ya meza ya makatibu wa Bunge, akipiga hesabu ya zamu kwa mara ya saba. Waandishi hupokezana kila baada ya dakika kumi: mmoja anaandika ukumbini yanayosemwa na waheshimiwa, mwenzake yuko chumba cha nyuma anayasafisha aliyokwisha kuyaandika. Zamu yake ilikuwa ya tatu. Swali namba 214 lilikuwa la tano kwenye orodha ya siku. Maswali manne ya mwanzo yakienda kwa mwendo wa kawaida, hilo litamwangukia yeye mikononi. Akitokea mheshimiwa aliyeamka na hamu ya kuhutubia, basi tena.

Jina la Nukta alipewa na wenzake, kwa sababu katika miaka kumi na moja ya kazi hajawahi kuiacha sentensi ya mbunge yeyote ikining'inia. Leo chai ilimkataa, na bado alikuwa akitabasamu peke yake.

"Una nini wewe leo?" aliuliza Koma, mwenzake wa zamu ya pili, aliyeitwa hivyo kwa kupenda kupumzika katikati ya kila jambo.

"Leo namwona mdogo wangu."

"Aa, ni 214? Basi sawa," Koma alisema, akaendelea kufuta miwani yake.

Jambo lenyewe lilianza wiki tatu nyuma. Waziri wa Sheria alisimama kujibu swali kuhusu vituo vya polisi vya mashariki, akasema kama kawaida yake: "Mheshimiwa Spika, hakuna mwananchi anayekaa mahabusu kupita muda uliowekwa na sheria." Hapo hapo watu arobaini na mmoja, waliokaa mahabusu mashariki kupita muda uliowekwa na sheria, walikuwa wamekwisha kuketi ukumbini, wengine kwenye ngazi, wengine kwenye viti vya wabunge watoro, ambavyo havijawahi kukosekana. Waziri alipokaa, hawakuwepo. Aliposimama kujibu swali la nyongeza wakarudi, ila kila mmoja mahali pengine. Askari wa Bunge aliwapekua akatoa taarifa kwamba hawana simu. Spika alifungua kitabu cha kanuni, akatoa mwongozo kuwa kwa vile hawakupitia mlangoni si wageni wa Bunge, hivyo kanuni ya koti na tai haiwahusu. Bunge likaendelea na hoja ya bima ya mazao.

Siku ile Bi Nukta aliwakagua wote arobaini na mmoja, uso mmoja baada ya mwingine, vidole vikiandika vyenyewe. Cheche hakuwemo. Akaelewa upesi kwamba wanakuja wale tu ambao jibu linawahusu, na jibu lile halikuhusu gereza la kwao.

Cheche ni mdogo wake wa kumfuatia, fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka miwili na miezi saba iliyopita alikuwa kazini, anamchomelea mteja geti, polisi wakapita mtaani wakitafuta mtu mwenye koti la bluu. Cheche alikuwa na ovaroli la bluu. Wakamchukua akajibu maswali mawili matatu, walivyosema. Maswali hayo hayajaulizwa hadi leo, maana faili lake lilipotea siku ya pili. Bila faili hakuna kesi, bila kesi wakili wa msaada hana pa kushika, na jina haliingii kwenye kitabu cha gereza. Mama yao alipokwenda kumtazama, aliambiwa kwa adabu kabisa: "Hapa hayupo, mama. Angekuwepo tungekuwa na faili lake." Na huku mwanawe anakohoa upande wa pili wa ukuta, anamsikia kwa masikio yake! Mama gani asiyekijua kikohozi cha mwanawe? Wakampiga danadana kati ya gereza, kituo na mahakama mpaka soli zikamwishia.

Ndipo Bi Nukta akapata wazo lililomwasha mwili mzima. Yeye ni mtu wa Hansadi, anajua uzito wake. Lisilomo kwenye Hansadi halikusemwa, na lililomo halifutiki hata kama Spika mwenyewe atapiga magoti. Jina la Cheche likitajwa ukumbini, la kwake na la baba na la babu, litachapwa, litapigwa muhuri, litakaa maktaba. Nani tena atasema hakuna mtu kama huyo? Watamfungulia faili jipya wapende wasipende. Akamtuma mama kwa mbunge wao, mama akapiga kambi kwenye kibaraza cha ofisi siku tano mfululizo. Siku ya tano mbunge, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, alitoka akasema, "Mama, ukinitazama hivyo tena nitalia. Nipe hilo jina."

Sasa swali lake, namba 214, kuhusu huduma za kisheria kwa mahabusu wa gereza la kwao, lilikuwa njiani. La kwanza lilikwenda vizuri, la pili likapita kama maji. La tatu lilikuwa la mbunge mwenye barabara mbovu, naye alianza na historia ya barabara hiyo tangu enzi za babu yake. Bi Nukta alitamani kumrushia kiatu. Spika akamkata kauli. Kisha la nne, lo! muulizaji hakuwemo ukumbini, swali likarukwa. Kumbe sasa 214 inawahi! Saa ya ukutani ilionyesha dakika tatu bado za zamu ya Koma, na Katibu alikuwa amekwisha kuanza kuisoma namba. Koma alimgeukia mwenzake, akamwona alivyo, akashikwa na kikohozi kikavu kisicho na kohozi hata tone, akainuka kutoka kwenye kiti akikohoa na kumwonyesha kibodi kwa kidole. Mungu ambariki Koma.

Juu, kwenye roshani ya wageni, mama alikuwa safu ya mbele. Amevaa viatu vyake vya sherehe, na mapajani ana sweta la kijivu alilolifuma kwa kukisia, maana hakujua mwanawe amekonda kiasi gani.

Waziri alisimama, mrefu, suti imenyooka, karatasi moja mkononi. "Mheshimiwa Spika, napenda kujibu swali namba 214 kama ifuatavyo."

Wakaja mia tatu na kumi na wawili. Ukumbi ulijaa pomoni. Waliketi kwenye ngazi, kwenye vizingiti vya madirisha, wawili wawili kwenye kiti kimoja. Mzee mmoja alijikuta mapajani mwa Waziri wa Ardhi, wakaombana radhi. Cheche alitua ukingoni mwa meza ya waandishi, na ovaroli lake la bluu, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso.

"Dada," alinong'ona, "umenenepa."

"Na wewe umekwisha," alisema Bi Nukta. Machozi yalimtiririka lakini vidole havikusimama. Serikali inatambua umuhimu wa huduma za kisheria, aliandika. "Unakula?"

"Mara moja."

Mchakato wa kupeleka mawakili unaendelea vizuri, aliandika. "Unalala wapi?"

"Kwa zamu. Kama nyinyi."

"Mwanangu yule!" ilisikika sauti kutoka juu. "Yule pale! Mwanangu!"

Askari wa Bunge alimwendea mama akamwambia wageni hawaruhusiwi kushangilia.

"Sishangilii. Namwita."

Askari akaona kweli hapo kuna tofauti, akamwacha.

Waziri alikaa, na ukingo wa meza ukawa mtupu. Mbunge wao alisimama kuuliza swali la nyongeza. Alivuta pumzi, akalitaja jina lote, la Cheche, la baba, la babu, polepole na kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Je, Serikali ina habari na kijana huyu, na itamwachia lini?" Bi Nukta aliliandika herufi kwa herufi. Limeingia! Angekuwa nyumbani angepiga kigelegele.

Waziri akasimama tena. Safari hii Cheche alitua kwenye roshani, kiti cha pembeni ya mama, na mama hakupoteza hata nukta moja ya saa. "Inua mkono, baba. Na huu mwingine. Ona walivyokufanya, jamani." Sweta lilimpwaya viganja viwili.

"Mheshimiwa Spika," alisema Waziri, akimtazama Cheche machoni kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele yake, "nimepitia kumbukumbu zote. Mtu huyo hayumo katika gereza letu lolote, wala hajawahi kukamatwa."

Upande wa Serikali ulipiga meza. Makofi, aliandika Bi Nukta kwenye mabano, kwa sababu yalipigwa.

Hapo ndipo mambo yalipopamba moto. Wabunge thelathini waliruka kwa pamoja. "Spika! Nyongeza! Mheshimiwa Spika, huku!" Kila mmoja alikuwa na mama yake wa kibarazani, na kila mmoja alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba Waziri akisimama muda mrefu, wapiga kura wake watakaa na watu wao muda mrefu. Spika aliongeza nusu saa. Waziri, ambaye kwa miaka sita alikuwa amezoea kuzomewa kila afunguapo kinywa, alisikia Bunge zima likimwambia "Endelea! Fafanua!" akavimba kwa furaha. Alifafanua. Alinukuu vifungu, akarudi nyuma, akafafanua alichofafanua. Karatasi ilipokwisha aliendelea kichwani.

Koma alirudi kimyakimya akashika kibodi. Bi Nukta alipanda ngazi za roshani mbili mbili, akakaa upande wa pili wa Cheche, akamshika mkono. Vile vikovu vya cheche za moto vilikuwepo bado, vyote, anavijua.

"Lile geti," aliuliza Cheche, "nani alilimalizia?"

"Mteja alimwita fundi mwingine."

"Amechomelea vibaya?"

"Vibaya sana. Linalia kama mbuzi."

Cheche alicheka mpaka akajishika mbavu, na mama akacheka kwa sababu yeye amecheka, na kwenye safu za nyuma wenye watu wao nao walikuwa wakicheka kwa mambo yao. Ilikuwa dakika arobaini. Kuelekea mwisho Waziri alianza kuegemea mguu mmoja, kisha mwingine, kisha kipaza sauti.

"Mungu wangu, mpe miguu," mama aliomba kwa sauti. "Mpe miguu tu, mengine tutaongea baadaye."

Saa nne na dakika mbili Waziri alikaa. Mama alipapasa kiti cha pembeni, halafu akatazama chini ya kiti.

"Sweta limekwenda naye," alisema. "Afadhali. Kule kuna baridi."

Jumatatu Bi Nukta alipeleka gerezani ukurasa wa Hansadi wenye muhuri, na barua ya kuomba mdogo wake afunguliwe faili. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, akitembea kama mtu mwenye ushindi mfukoni. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la heshima, limeambatanishwa na ukurasa ule ule. Mkuu wa gereza alikuwa amepigia mstari sentensi moja kwa kalamu nyekundu. Aliandika kwamba Waziri mwenyewe amekwisha kulieleza Bunge kuwa mtu huyo hayumo wala hajawahi kukamatwa. Kwamba maelezo hayo yamo kwenye Hansadi. Na kwamba Hansadi, kama anavyojua mwombaji, haifutiki. Zamani wangeweza kulitafuta lile faili. Sasa haiwezekani tena, kwani itakuwa ni kumfanya Waziri mwongo.

Bi Nukta aliisoma sentensi ile yenye mstari mwekundu. Aliiandika yeye. Nukta ilikuwa mahali pake.

Tangu hapo, kila Alhamisi roshani hujaa kabla ya saa mbili. Spika ametoa mwongozo mpya: nguo zinaruhusiwa, chakula hapana, na wageni wasiwapokee wanaokuja kwa kelele. Wizara imeandika kwenye ripoti yake ya mwaka kwamba huduma za kisheria zimesogezwa karibu na wananchi, na Waziri amenunua viatu vyenye soli laini. Mbunge wao huleta swali la gereza kila wiki, akibadilisha maneno kidogo ili lisikataliwe, na Waziri hujibu kila wiki, kwa kirefu, kwamba huyo mtu hayupo.

Mama hukaa safu ya mbele, kiti kile kile. Wiki iliyopita alikuwa na suruali aliyoipunguza kiunoni, sindano na uzi. Katibu alisoma namba ya swali. Bi Nukta, chini mezani, aliweka vidole kwenye kibodi. Waziri aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mheshimiwa Spika," na mama akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.