Maji ya Tumbo

Lukelo nimemchukia tangu wiki ya kwanza kazini, wala sioni haya kusema. Anakuita "mdogo wangu" huku akikupokonya kazi. Ofisini kwetu Mlabani tunatengeneza modeli za mafuriko: kompyuta unailisha sura ya ardhi, mvua na kina cha maji kama wakazi walivyokiona, nayo inakuchorea ramani. Kijani, watu wakae. Nyekundu, wahame. Modeli niliiandika mimi. Lukelo, mhandisi, alizunguka vijijini kukusanya habari za maji, na yeye ndiye husimama mbele za watu kuzisoma ramani kana kwamba kazichora mwenyewe.

Ramani ya kijiji kimoja mbele ya Namawala ilipotoka, kitongoji kizima cha wafugaji kilikuwa chekundu. Ni kitongoji chetu. Baba yangu, Mzee Machibya, alifika pale na ng'ombe wake kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa. Serikali ya kijiji ilikuwa inasubiri ramani hiyo tu iwahamishe kabla ya masika, na wakulima tuliozoea kugombana nao kwa ajili ya malisho walishaanza kugawana ardhi yetu kwa macho.

Nikaifungua data. Nyumba karibu zote za kwetu ziliandikwa "maji ya tumbo", na Lukelo alikuwa ameyageuza kuwa mita moja na zaidi, tumbo la mtu mzima aliyesimama.

"Kaka Lukelo," nikamwuliza, "uliwauliza ni tumbo la nani?"

"Tumbo ni tumbo."

"Mfugaji wa kwetu akikwambia maji ya tumbo, anasema tumbo la ng'ombe. Ng'ombe ndio wanaovuka, kwa hiyo anapimia ng'ombe. Hayo kwa mtu ni maji ya mapajani."

Akacheka kwa pua. "Mdogo wangu, leo mafuriko tunapimia ng'ombe? Ripoti imeshaenda. Usiniletee ukabila kazini."

Ukabila! Nilitamani kummwagia chai yake usoni. Badala yake nikampigia baba simu, nikamwomba awapime ng'ombe wake kutoka kwato hadi tumboni. Aliniuliza kama niko mzima. Kisha akapima.

Nikaendesha modeli upya. Kitongoji kikawa kijani, isipokuwa nyumba chache za ukingoni mwa mto, ya shangazi yangu ikiwamo. Hizo zilibaki nyekundu kwa sababu kweli maji huzifikia, na sikuzigusa. Mkuu wetu, mama Leticia, alizipitia namba zote, akaridhika, akamwagiza Lukelo aipeleke ramani mpya kwenye mkutano wa kijiji. Alikwenda na uso wa mtu aliyetafuna kwinini, nami nikiwa pembeni yake.

Mkutanoni, nisimsingizie, alieleza vizuri. Alifafanua tumbo la ng'ombe hadi wafugaji wakapiga makofi. Upande wa wakulima hakuna aliyepiga. Mwenyekiti wa kijiji, Fulgensi, akasimama.

"Mhandisi, ramani ya kwanza ulituletea wewe. Hii ya pili kaibadilisha nani?"

"Sisi" lingetosha. Lingekuwa kweli, maana ofisi nzima ilikuwa imeikubali. Lukelo alinigeukia taratibu, akatabasamu.

"Mdogo wangu huyu hapa. Minza."

Jina lenyewe, la kwetu Shinyanga, lilishawaambia nusu. Minong'ono ikaanza.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba, binti. Wewe ni mtoto wa nani?"

Alinijua. Aliwahi kuninunulia maandazi nikiwa darasa la pili. Alitaka tu jina la baba litoke kinywani mwangu, na hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka. Ningeweza kuwaambia habari za namba, za mama Leticia, hata za shangazi yangu niliyemwacha kwenye nyekundu. Nani angesikiliza? Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa na fimbo yake, akiangalia chini, kama mtu anayeniombea nimkane.

"Mtoto wa Machibya," nikasema kwa sauti kubwa.

Wakulima wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alisema wanaoitaka ramani ya kwanza wanyooshe mikono. Baba hakungoja ihesabiwe. Aligeuka bila kunitazama, akaenda kuwatoa ng'ombe zizini, tayari kuhama.