Sufuria ya Kidevu

Fundi Moto aliingia jikoni kutafuta chakula cha mchana, na kitu cha kwanza alichokiona kilimchoma roho. Juu ya jiko, uji wa mtoto ukitokota ndani yake, ilikaa sufuria ambayo hakuisubu yeye. Nukta tatu za alama ya fundi, karibu na mkono wa sufuria, zilimtazama kama macho ya mtu anayecheka. Ilikuwa ya Kidevu.

Sufuria zake mwenyewe, alizomletea mkewe walipooana zikiwa zimeng'arishwa mpaka unaweza kuhesabu meno yako, zilikuwa uani zimejaa maji ya kuku.

Huyo Kidevu alijifunza naye kuyeyusha vyuma na kusubu sufuria, kwa bwana mmoja, kwenye tanuri moja. Ndiye aliyefungua karakana ng'ambo ya barabara akaanza kumnyang'anya wateja kwa lile tabasamu lake la ndevu nne. Na ndiye aliyewahi kumposa binti huyu huyu akakataliwa. Fundi Moto ndiye aliyeshinda. Leo aliyeshindwa ameingia nyumbani kwake, tena kwa mlango wa jikoni!

"Mama mtoto!"

Mkewe alitoka chumbani, mtoto mgongoni. "Taratibu, amesinzia."

"Hii sufuria katengeneza nani?"

"Baba mtoto, alama unaijua kuliko mimi. Kaa ule."

"Nile? Mke wa fundi sufuria ananunua sufuria kwa jirani! Kesho tutasikia mke wa kinyozi kanyolewa kwingine."

"Kama kinyozi anakata watu masikio, mkewe afanyeje?" Alipunguza moto wa jiko. "Nesi wa kliniki alituuliza tunapikia nini. Akasema sufuria za vyuma vya kuokoteza zinaweza kuwa na risasi, ile ya kwenye betri za magari na maungio ya rejeta. Inatoka kidogo kidogo ikaingia kwenye chakula, hasa ukipika vitu vichachu. Huioni, huionji, na inayoumia ni akili ya mtoto. Nilikuja kukuambia. Ulinijibu nini?"

Alikumbuka vizuri. Alisema nesi arudi kwenye sindano zake.

"Nikaenda kwa Kidevu, nikamuuliza anayeyusha nini. Akanionyesha lundo lake, chuma kimoja kimoja. Wewe ulinionyesha mlango."

Hapo ndipo palipouma. Aliwaona waziwazi, vichwa viwili vimeinama juu ya lundo moja, ndevu nne zinacheka.

"Mlikaa muda gani?"

"Muda wa kutazama vyuma."

Alinyakua kitambaa, akaibeba sufuria na uji wake, akatoka. Alivuka barabara uji ukimrukia kifundoni, na mkewe nyuma yake akimwita.

Kidevu alikuwa ameketi juu ya ndoo akichambua vyuma, wateja watatu wanawake wakichagua mifuniko.

"Karibu, fundi mwenzangu. Umeniletea uji?"

Wanawake wakacheka.

"Mke wangu umemwita hapa kwa lipi?"

"Alikuja mwenyewe. Na kwa jinsi alivyonibana bei, namwonea huruma mwanamume anayeishi naye."

Wakacheka zaidi. Fundi Moto alihisi masikio yanawaka. "Unatisha wanawake kwa maneno ya nesi upate kuuza! Mimi na wewe tanuri letu lilikuwa moja!"

"Lilikuwa moja. Mtu anatia nini humo, hilo ndilo swali." Kidevu aliacha kutabasamu. "Mimi kipimo sina, siwezi kuapa kwamba zangu hazina doa. Lakini betri, rejeta na vyuma vyenye rangi havigusi moto wangu. Wewe, kama una hakika, leta yako hapa. Mimina uji huo, uchemshe, mwanao anywe. Mimi nitanyamaza."

Kiburi kilimpandisha mabega. Alikwenda karakana kwake, akarudi na sufuria nzuri kuliko zote, akaitua juu ya makaa. Akainua ile ya Kidevu, akaiinamisha. Uji ukafika ukingoni.

Rejeta mbili. Wiki iliyopita alizitupa tanurini pamoja na maungio yake, kwa kuwa kuyakata kunachosha. Na lile gunia lenye vipande vya betri, ambalo hata hakulichambua. Mgongoni kwa mamaye, mtoto alikuwa ameamka, ameunyooshea uji mkono.

"Mimina basi," alisema mmoja wa wale wanawake.

Fundi Moto aliirudisha sufuria wima.

"Uji umeganda," alisema. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Mkewe alimpokea sufuria polepole. "Twende, baba mtoto."

Alasiri alikaa mbele ya rafu yake, mikono mapajani. Mama lishe, mteja wake wa siku nyingi, akaingia akihema.

"Fundi Moto, nipe ile kubwa. Nina nyanya zinanisubiri."

"Siuzi."

"Ina mwenyewe?"

"Haifai kwa chakula."

"Tangu lini?"

"Nitasubu nyingine nikipata vyuma ninavyovijua."

"Na leo nipikie kwenye nini, kofia?"

Alitazama ng'ambo, Kidevu akipokea wateja kama bwana harusi.

"Nenda pale."

"Pale wapi?"

"Umenisikia."

"Kwa Kidevu? Wewe, kwa mdomo wako, unanituma kwa Kidevu?"

"Mwambie akuonyeshe lundo lake kwanza. Na usimwambie nani kakutuma."

Akageukia ukuta asimwone akivuka. Masikio hayakugeuka. Alisikia kucha za mama lishe zikigonga sufuria ile ya ng'ambo, na mlio ukatoka safi, mrefu, kama wa sufuria aliyoisubu yeye mwenyewe.