Balbu ya Bandani

Homa ilimwachia uhai akiwa na miaka sita, ikaondoka na masikio yake. Tangu hapo hakuwahi kusikia mtu akimwita, na hata jina alilojulikana nalo mtaani lilikuwa la mikono. Mafundi wenzake walikuwa wakipitisha kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili, kama mtu anayelainisha ubao kwa randa, na kila mtu akajua anayetajwa ni nani. Wenye midomo wakamwita Randa. Alikuwa seremala wa milango na madirisha, na karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, hatua kumi na nne kutoka mlango wa jikoni.

Alipojifungua binti, watu walimkwepa yeye kwa macho na kumuuliza mumewe: atajuaje mtoto analia? Mume, muuguzi wa wodi ya upasuaji, hakulipenda swali hilo, ila hakulikimbia. Waliketi mezani wawili, wakapekua simu siku tatu, na mwishowe wakaleta balbu janja nne pamoja na kidude cha kusikilizia mtoto, kidogo kama kipande cha sabuni. Kidude kilikaa juu ya kabati, karibu na kitanda cha mtoto. Kikisikia kilio au kishindo cha karibu, kilituma habari kupitia intaneti ya nyumbani, na balbu zote nne, ya chumbani, ya sebuleni, ya jikoni na ya bandani, zikaanza kupepesa mwanga mweupe mpaka mtu azitulize kwa simu. Siku ya kwanza banda lilipopepesa, Randa aliangusha patasi, akacheka peke yake, akatoka mbio na maranda kichwani.

Balbu hizo zilikuwa na sharti moja. Zinawashwa na kuzimwa kwa simu, lakini swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa saa zote, hata kama balbu haitoi mwanga. Ukiizima swichi, balbu inakosa umeme, na balbu isiyo na umeme ni kiziwi kuliko Randa mwenyewe.

Mtoto alipotimiza miezi mitano, mume akarudishwa kwenye zamu za saa kumi na mbili, na mama yake akaja kusaidia kulea. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa kutegemewa. Alimwogesha mtoto bila kumliza, alipika, alifua, na hakuwa na maneno mengi. Lakini alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja kama matroni wa bweni la wasichana, na kazi yake ya mwisho kila siku ilikuwa kupita korido nzima akizima taa. Mkono wake ulishazoea. Ukiona swichi imewashwa na taa haiwaki, unaizima kabla kichwa hakijaulizwa.

Mwanawe alimweleza mara tatu, naye akaitikia mara tatu. Randa akabandika karatasi juu ya kila swichi: USIZIME. Mama alizisoma vizuri sana, sema alizisoma baada ya kuzima.

"Nimesahau tena," alikuwa akisema, akiwasha upya, na Randa, aliyeweza kusoma midomo ya mtu asiye na haraka, alikuwa akitabasamu na kurudi kazini.

Ikaja Jumanne moja. Mtoto alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana, Randa yuko bandani akiunganisha fremu ya mlango, na mama mkwe akaona huo ndio wasaa wa kumrudishia jirani sufuria yake. Aliaga kwa ishara, akionyesha kidole kwenye balbu, kana kwamba anasema, haya, mlinzi wako yupo. Randa akaitikia kwa kichwa. Swichi ya banda, kwa jinsi nyumba ilivyofungwa nyaya zamani, ilikuwa ndani, pembeni mwa mlango wa jikoni. Mama alipokuwa akipita hapo na sufuria yake, mkono ukafanya kazi yake ya miaka yote.

Randa alifanya kazi kwa raha mchana ule. Kila baada ya muda alitupia jicho balbu, akaiona imetulia, akaendelea kupaka gundi.

Alishtushwa na mkono begani. Mama mkwe alikuwa amesimama na mtoto kifuani, uso umemkunjamana. Mtoto alikuwa mwekundu, amelowa, amecheua hadi shingoni. Randa aliweka kiganja juu ya kifua chake kidogo, kama alivyofanya siku zote kusikiliza, akahisi kilio kinakwaruza humo ndani kama msumeno butu.

Waliingia jikoni, kwenye ubao mdogo ambao Randa aliutengeneza kwa ajili ya mazungumzo ya nyumba. Mama akachukua chaki.

"Nilimsikia tangu nje ya uzio. Sauti imemkauka. Amelia muda gani?"

Mama akafuta, akaandika tena, polepole, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika ripoti.

"Wewe ni mama mzuri. Ila hili haliwezekani. Jumapili nitaondoka naye, akae kwangu mpaka aanze kutembea na aweze kukufuata mwenyewe."

Randa akampokea binti yake. Alimnyonyesha mtoto mpaka akalala, kisha akafungua simu. Orodha ya matukio ilikuwa wazi. Saa tisa na dakika kumi na mbili, balbu ya bandani ilipotea hewani. Saa tisa na dakika ishirini, mtoto alianza kulia. Balbu tatu zilipepesa kwenye vyumba visivyo na mtu kwa dakika thelathini na nane.

Mumewe aliporudi jioni akamkuta ameketi kwenye ngazi ya jikoni, simu mkononi. Alisoma orodha ile mara mbili.

"Nitamwonyesha mama sasa hivi," akasema kwa ishara.

"Usimwonyeshe."

"Kwa nini? Kosa ni lake."

"Nikimwonyesha, nitapata mkosaji. Mimi sitaki mkosaji, nataka taa."

Mume akashusha pumzi. Alimpenda mkewe na alimwogopa mama yake, na katikati ya hayo mawili palikuwa pembamba. "Labda mwezi mmoja tu akae kwake," akaashiria, bila nguvu. "Mpaka tupate njia."

Randa alisimama. "Nipe hadi Jumapili. Mtoto wangu haendi popote."

Asubuhi yake alimwandikia fundi umeme aliyekuwa akikutana naye mara kwa mara kwenye nyumba zinazojengwa, yeye akipachika milango, mwenzake akipitisha nyaya. Fundi alifika na mkoba wake wa ngozi, akasimuliwa kisa chote kwa penseli juu ya kipande cha mbao, akakuna kipara.

"Mwambie mama asiguse swichi," akaandika. "Basi, kazi imekwisha."

Randa akamnyang'anya penseli. "Nimekuita kwa ajili ya nyaya, si kwa ajili ya mama. Mama hatabadilika, na simlaumu. Nataka abonyeze ukuta jinsi anavyotaka, na umeme usitoke kwenye balbu."

Fundi alisoma, akacheka mabega yakatikisika, kisha akaitazama swichi ya jikoni kama mtu anayeangalia kete. Hatimaye akaandika: "Inawezekana."

Alizima swichi kuu ya nyumba, akafungua swichi za ukutani moja baada ya nyingine, akaunganisha nyaya mbili za kila moja huko ndani ya ukuta ili umeme upite moja kwa moja hadi kwenye balbu, bila kukatwa na mtu. Mahali pa swichi pakawekwa kitufe chenye betri. Kitufe hicho hakikugusana na waya wowote. Kazi yake ilikuwa kuipelekea balbu ujumbe tu, kama simu inavyofanya: waka, au zima mwanga wako. Balbu inatii, lakini inabaki macho. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, alibandika onyo pembeni mwa swichi kuu: ANAYEBADILISHA BALBU AZIME HAPA KWANZA. Akamgeukia Randa na kumwonyesha kwa kidole mara mbili, mpaka akaridhika kwamba ameelewa.

Vitufe vilikuwa vidogo kuliko matundu yaliyoachwa na swichi za zamani. Kwa hiyo Randa akakata vibao vinne vya mbao ngumu, akavipiga msasa mpaka vikateleza, akavipachika ukutani na kila kitufe katikati yake. Mama mkwe, aliyekuwa akiyatazama yote hayo akiwa na mtoto mgongoni, akasogea akabonyeza cha jikoni. Taa ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima.

Akaenda kwenye ubao. "Sasa kuna tofauti gani na zamani?"

"Tofauti iko ndani ya ukuta," Randa akaandika. "Wewe zima utakavyo."

Mama alisoma, akamtazama, akaweka chaki chini.

Lakini Randa hakuwa ameridhika. Siku ile yote alikuwa akitafuna jambo moja. Jumanne aliitazama balbu mara kadhaa, na kila mara ikamdanganya bila kusema uongo. Balbu iliyozima ilikuwa na maana mbili: mtoto amelala, au balbu yenyewe imekufa. Nyaya zimeunganishwa, sawa, lakini umeme unaweza kukatika, balbu inaweza kuungua. Akashika simu, akakorofishana nayo mpaka akapata alichotaka. Kuanzia hapo balbu ya bandani ilikuwa haizimi kabisa, hata kitufe chake kikibonyezwa. Mambo yakiwa shwari ilitoa mwanga hafifu wa bluu, kama wa jiko la gesi lililopunguzwa. Mtoto akilia ilipepesa mweupe. Na ikiwa giza kabisa, hiyo haikuwa tena habari njema. Maana yake ni kwamba Randa hajui kinachoendelea, basi aende akaone. Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, alipiga makofi mbele ya kidude na mume au mama akaja kutoka bandani kumwashiria kwamba balbu imepepesa.

Hata hivyo, Jumamosi mchana mama mkwe alianza kufungasha. Nguo zake ziliingia begi moja, za mtoto begi la pili. Alifanya hivyo kimyakimya, bila ubaya, kama mtu anayetimiza alichoahidi.

Randa aliyaona mabegi mawili yamepangwa koridoni. Akarudi bandani. Kulikuwa na dirisha la kupigwa randa, na mikono yake ilihitaji kitu cha kushika. Aliendesha chombo mbele na nyuma, maranda yakianguka miguuni, jicho moja kwenye ubao na jingine juu.

Saa nane na nusu bluu ikapotea.

Hakungoja kuona kama itarudi. Aliitupa randa, akaruka rundo la mbao, akapita jikoni akigonga kiti, na kuingia chumbani akihema.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani akimbadilisha mtoto nepi. Mtoto alikuwa anachezea vidole vyake mwenyewe, ametulia. Mama akainua uso kwa mshtuko.

"Kuna nini?"

Randa alikuwa tayari ameweka kiganja kifuani kwa mtoto. Pumzi zilikuwa zikipanda na kushuka taratibu. Akaandika kwenye simu: "Balbu imezima."

Mama akatazama dari, akanyanyuka, akabonyeza kitufe cha chumbani. Hakuna. Umeme ulikuwa umekatika, na kwa kuwa ulikuwa mchana wa jua, yeye mwenye masikio na macho hakuwa amegundua.

"Hakulia hata kidogo," akasema, akimgeukia Randa ili midomo ionekane.

"Sikuwa na njia ya kujua. Nikiwa sijui, naja," Randa akaandika.

Mama akakaa. Alimalizia kufunga nepi, akamweka mtoto mapajani, akawa anamtazama mkwewe aliyejaa vumbi la mbao, na goti lililoanza kuvimba pale lilipogonga kiti. Kisha akazungumza polepole, neno kwa neno.

"Bwenini nilikuwa na wasichana themanini. Mmoja alianguka kutoka kitanda cha juu, akavunjika mkono. Alilia sana. Chumba changu kilikuwa mwisho wa korido, sikusikia. Nilijua kengele ya asubuhi ilipolia." Akamrekebishia mtoto nguo. "Hakuna aliyesema mimi sifai kulea."

Randa akaketi kando yake.

"Jumanne ile," mama akaendelea, "taa ya banda niliizima mimi?"

Randa angeweza kukwepa. Akaitikia kwa kichwa.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile," akaandika.

"Na hukusema."

"Ungeondoka umeumia, na mimi bado nisingekuwa na taa."

Mama mkwe alisoma maneno hayo kwenye simu, akayasoma tena, akairudisha. Hakuomba radhi kwa mdomo. Alimkabidhi mtoto, akatoka koridoni, akarudi na begi la pili, akaanza kuzipanga nguo ndogo kwenye kabati moja baada ya nyingine, kubwa chini, ndogo juu, soksi pembeni. Mume alipofika jioni na uso wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi, mama yake alimwambia tu kwamba mtoto anakaa kwa mama yake, na kwamba kama ana nguvu za kusimama mlangoni hivyo, basi ana nguvu za kwenda kununua barafu ya kuweka kwenye goti la mkewe.

Alikaa wiki mbili zaidi, akizima na kuwasha kila kitufe alichopita. Alipoondoka, Randa alimsindikiza hadi kituoni na mtoto mgongoni, wakaagana kwa mikono kwa sababu mama alikuwa amejifunza ishara za kutosha kwa kazi hiyo. Kisha Randa akarudi nyumbani, akapiga makofi mbele ya kidude na kuchungulia kupitia mlango wa jikoni mpaka akaona banda linapepesa, kisha akamlaza mtoto. Alikuwa na madirisha sita ya mteja aliyeyataka Ijumaa. Aliyamaliza Alhamisi.