Mkalimani wa Koboko

Adrabo alikuwa mkalimani wa mahakama ya Koboko: Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili, Kilingala. Mwaka 1974, mvua zilipoanza, akaanza kuchanganya. Shahidi alisema Kikakwa. Adrabo akamgeukia hakimu na kurudia yale yale kwa Kikakwa. Watu wakacheka. Baadaye akawa anapotea njia ya nyumbani, anajikojolea, na kumwita mkewe, Monique, kwa jina la dada yake aliyefariki.

Monique alikuwa mtu wa Kongo. Hilo lilitosha ashukiwe kumlisha mumewe kitu. Ocokoru, kaka yake Adrabo, alikuja kutoka kijijini kwao, Kuluba, akaketi bila salamu.

"Shemeji, sema tu. Ulimupa nini?"

"Chakula ile watoto wanakula."

"Watoto iko sawa. Yeye hapana."

Monique hakulia wala hakubisha. Aliendelea kuchambua maharagwe, maneno yakimpita kana kwamba anaambiwa jirani. Asubuhi akamvalisha mumewe shati safi, wakapanda lori la tumbaku hadi Arua, kisha wakaenda hospitali ya misheni, Kuluva.

Daktari alimwambia Adrabo anyooshe mikono. Wa kulia ukashuka taratibu.

"Mama, aligonga kichwa?"

Monique akafikiri. "Mlango ya lori ilimugonga. Lakini ni zamani, mbele ya Pasaka. Damu haikutoka."

"Ilitoka ndani. Mshipa mdogo ulichanika, unavuja polepole, na damu inabana ubongo. Si uzee, wala hakulishwa kitu. Tukitoboa mfupa, damu itatoka."

Monique alikubali kama mtu anayeulizwa kama aongezewe chumvi. Baadaye muuguzi alimwambia damu ile ilikuwa nyeusi kama oili ya injini.

Siku chache zikapita, Adrabo akamtazama sawasawa.

"Monique, watoto umewaacha na nani?"

Muuguzi akapiga makofi. "Na Mariam Poni, jirani," Monique akajibu, akamfuta mdomo. Alisubiri furaha imjie. Haikuja.

Waliporudi Koboko, Ocokoru alileta kuku, akasimama mlangoni akitazama chini.

"Shemeji, tulikosea."

Monique alimpika kuku yule, akawapakulia ndugu wawili. Walikula wakicheka.

Jioni moja, Adrabo akiwa ameshaanza tena kazi mahakamani, alimwuliza, "Siku zile uliogopa?"

Monique alikuwa anaanua shuka. "Sijui. Sikusikia kitu moyoni. Mpaka leo sisikii."

Adrabo akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikunja pamoja.